Tulikwenda Kuuliza Mavazi ya Wafula

Wanangu, juzi vijana wawili wa hapa Kibomet walinijia nyumbani wakiwa na simu. Walitaka nitazame video ya muziki waliyoianza asubuhi na kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Niliitazama yote. Rangi zilikuwa safi, sauti safi, msichana anacheza mbele ya gari jekundu.

"Gari ni la nani?" nikauliza.

"Ni la mtu tu, Madam. Tulilipata limeegeshwa hapo."

"Na wimbo unasema nini?"

Mwimbaji mwenyewe akafikiria kidogo. "Si ni wa raha tu, bana."

Sikuwakemea. Mimi nilianza vibaya kuwashinda. Lakini walipokwenda nilibaki nimeketi, chai ikapoa, nikimkumbuka msichana aliyeitwa Naliaka na video aliyoipanga miaka ile ya elfu mbili, nilipokuwa nikifundisha kupiga video. Nataka niwaambie habari zake, kwa sababu ninyi mnaingia katika kazi hii kamera ikiwa mfukoni tayari, na mnaweza kudhani kwamba kabla ya kubonyeza hakuna kazi yoyote.

Nilianza kupiga video Kitale kamera zilipokuwa bado za kubebwa begani kama mtoto mgonjwa. Harusi, matanga, sherehe za mahari, wachungaji wakisimikwa. Katika harusi yangu ya kwanza nilibonyeza kitufe nikidhani nimewasha, kumbe nimezima. Nilipobonyeza tena nikidhani nimezima, ikawaka. Bibi harusi alipoingia kanisani kamera ilikuwa imelala. Alipokwisha kupita nikaiteremsha, nayo ikaamka. Familia ilikusanyika kutazama, na walichokiona ni viatu. Viatu vya wageni, nyasi, mbwa mmoja, viatu tena. Shangazi wa bwana harusi akasema, "Angalau mbwa ametoka vizuri."

Aliyeniokoa ni Mzee Njoroge, mwenye studio ya picha karibu na soko. Yeye hakunifundisha vitufe. Alinifundisha kukaa na watu. "Wambui," aliniambia, "acha kamera kwenye mkoba mpaka chai iishe. Ukiitoa mapema utapiga watu wanaokutazama wewe." Kabla ya matanga alikuwa akiuliza kwanza ni nani hawasalimiani katika ukoo ule, ili asije akawasimamisha bega kwa bega mbele ya jeneza. Nilidhani ni umbea wa kizee. Baadaye nilipiga matanga moja bila kuuliza, wake wenza wawili wakararuana vitambaa vya kichwa mbele ya kamera yangu, nikajua mzee alikuwa anafanya kazi.

Hayo ndiyo niliyoyapeleka darasani. Chuo chetu kilikuwa chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na tulipotaka kurekodi sauti ilitubidi tungoje wamalize kukata mabati huko chini. Mwisho wa masomo kila kundi lilipaswa kutoa video moja ya muziki. Lakini kwa sehemu kubwa ya muhula niliwakataza kushika kamera. Niliwataka waandike, wachore kila picha ndani ya kisanduku chake, wakakague kila mahali kwa miguu, saa ileile watakayopigia, waone jua linaangukia wapi. Walinung'unika sana.

"Madam, kamera tutaishika lini?"

"Mkishajua mnaipeleka wapi."

Makundi mengine yote yalileta michoro ya magari ya kuazima na miwani ya jua. Naliaka, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na kijana aitwaye Simiyu, alileta mchoro wa sahani. Sahani ya ugali iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nikamwambia asimame aeleze.

Alikuwa msichana mtulivu, mzaliwa wa Kanduyi kule Bungoma, sauti yake ya kuongea ndogo na ya kuimba kubwa. Akasema, "Wimbo ni wa kaka yangu Wafula. Alitoka nyumbani nikiwa darasa la saba. Tukasikia yuko Kitale, anabeba magunia kwenye maghala ya mahindi. Halafu hatukusikia kitu tena." Kisha akaimba kiitikio bila kuombwa: Wafula njoo, ugali unapoa. Ni hivyo tu, mara kwa mara, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka jikoni. Waliokuwa wakichora waliweka penseli chini. Hata huko chini mabati yalinyamaza, au labda nimesahau.

Ndipo nikaelewa kwa nini msichana wa Bungoma alikuja kusoma kwetu wakati kwao kuna vyuo. Simiyu aliniambia baadaye kwamba kila jioni Naliaka alikuwa akirudi nyumbani kwa kuzunguka upande wa maghala, akitazama nyuso za wabeba magunia. Kutazama tu. Kuuliza hakuuliza hata siku moja. Nadhani aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

Tulikwenda Kanduyi kukagua nyumbani kwao. Mama yake, tuliyemwita Mama Wafula, alitupokea kwa "Mulembe" na mikono miwili. Niliacha kamera kwenye mkoba. Tulikunywa chai, tukala ndizi, tukaonyeshwa ng'ombe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na simba, kile kibanda anachojengewa kijana akishapashwa tohara, na kuta zake zilikuwa zimesiribwa vizuri kuliko za nyumba yenyewe.

"Hii nasiriba kila mwaka," akasema Mama Wafula. "Simba ikikaa bila mtu inaanguka haraka. Sitaki akuje apate imeanguka."

Tukasifu kazi yake. Akatazama chini. "Mimi ndiyo nilimfukuza. Tulikosana, ati kwa sababu ya ng'ombe aliyeuzwa bila mimi kuambiwa. Nikamwambia aende, asirudi. Mtu anasema kitu hasira zikiwa juu. Yeye akasikia kama nimesema kweli."

Naliaka hakuinua kichwa. Nilihisi hayo alikuwa akiyajua, ila hakuwahi kumsikia mama yake akiyatoa mdomoni mbele ya wageni.

Kabla hatujaondoka Mama Wafula alitupa picha ya mwanawe, aliyopigwa studio, amesimama mbele ya pazia lenye mlima na maua. Kijana mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo. Tuliihitaji ili tupate mwigizaji anayefanana naye.

Basi tukarudi Kitale kupanga. Simiyu alichora michoro ya Wafula akiwa kazini, na alimchora amevaa ovaroli na kofia ngumu ya manjano. Nikamwuliza, "Umemwona wapi mbeba magunia wa Kitale na kofia kama hiyo?" Akakiri kwamba amekisia. Nami nikasema lile nililokuwa nikilisema kila siku: usikisie, nenda ukaulize. Wanavaa nini, wanafunga nini kichwani, wakipumzika wanakaa vipi. Naliaka alikuwa studio Bungoma siku hiyo, akimalizia kurekodi wimbo. Kwa hiyo tulikwenda wawili, Simiyu na mimi, mpaka Kipsongo, ambako wengi wa wabeba magunia walikuwa wakiishi.

Tuliwakuta kundi moja wameketi ukutani siku hiyo ya mapumziko. Mmoja wao, Mturkana aitwaye Ekiru, alitukaribisha kwa ucheshi. Alifurahi kusikia kwamba kuna wanafunzi wanaotaka kujua mavazi yao. Akachukua gunia tupu, akasukuma kona moja ndani ya kona nyingine, likawa kama kofia yenye mkia mrefu, akalivaa likamfunika kichwa mpaka mgongoni. "Namna hii vumbi haiingii kwa shingo," akasema. "Na viatu tunakata vya tairi, kwa sababu huwezi kupanda ubao wa lori na viatu ya kuteleza." Akatuonyesha mwendo wao hapo, akipanda ubao ambao haupo, wenzake wakimcheka. Simiyu alikuwa akichora haraka haraka, amefurahi kwelikweli.

Kisha Simiyu akatoa ile picha. "Tunatafuta mtu anafanana hivi, aigize."

Ekiru aliipokea akiwa bado anacheka. Akaitazama. Akalivua lile gunia kichwani.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ni kaka ya mwanafunzi mwenzangu," Simiyu akasema. "Unamjua?"

Akaipitisha kwa wenzake, nao mmoja mmoja wakaacha kucheka. Ikamrudia. Akasema, "Huyu ni Wafula. Huyu tulimzika."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Simiyu amesimama na penseli, mkono umebaki hewani. Ekiru ndiye aliyetuketisha, akatueleza polepole. Yeye na Wafula walikuwa wakibeba pamoja, wawili wawili. Siku moja ghalani rundo la magunia liliporomoka, Wafula akiwa chini. Ekiru alikuwa ametoka kunywa maji. Mfukoni hawakumkuta na kitambulisho, wala hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Alikuwa akisema upande wa Bungoma, basi. Walituma habari kwa madereva wa malori waulize huko kama kuna watu waliopotelewa na Wafula. Lakini Bungoma nzima kila aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula. Hakuna aliyekuja. Wakamchukua wenyewe kutoka mochari, wakamzika kwenye makaburi ya mji.

"Tulingoja sana," Ekiru akasema. "Hata mimi nilikuwa nauliza madereva mpaka wakanichoka."

Njia nzima ya kurudi Simiyu alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni mwa chuo akaniuliza, "Madam, si tungeacha tu ile kofia ya manjano?"

Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Hata leo ningewaambia wanafunzi waende wakaulize. Lakini tangu siku ile sijasema neno hilo kwa wepesi, kwa sababu unayemwuliza anaweza kukujibu jambo ambalo hukumwuliza.

Kesho yake Naliaka alikuja kutoka Bungoma na kaseti mkononi. Alipanda ngazi kwa mbio. "Madam, umekuwa mzuri! Hebu sikia kwanza!" Alikuwa tayari anatafuta redio. Nikamwambia aketi. Akaona Simiyu amekaa pembeni, macho mekundu. Akaiweka kaseti mezani.

Nilimwambia yote, bila kuzungusha. Mzee Njoroge alikuwa amenifundisha na hilo pia, kwamba habari ya msiba ukiivisha nguo nyingi unamchosha mwenye msiba kuivua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilipokuja Kitale kusoma," akauliza, "alikuwa..."

"Alikuwa ameshazikwa."

Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu njia zote alizopita jioni zile. Kisha akageuka kwa Simiyu. "Mlikwenda kuuliza mavazi. Walimzika amevaa nini?"

Simiyu alikuwa amemwuliza Ekiru. Mimi sikuwa nimefikiria kuuliza. Akasema, "Jaketi ya Ekiru. Ya bluu. Ekiru alisema asubuhi zilikuwa baridi."

Hapo ndipo Naliaka alipolia. Nilimshika, na Simiyu akateremka chini kuwaomba watu wa mabati wapumzike kidogo. Wakapumzika.

Ekiru alikubali kwenda nasi Kanduyi. Mama Wafula alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliona tumekuja bila mikoba, na mtu asiyemjua, akaacha kuchambua. Naliaka alimwambia kwa Kibukusu, maneno machache. Mama hakupiga kelele. Alimtazama Ekiru, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amemwona mwanawe mwisho.

"Alikuwa anasema nini juu yangu?" akamwuliza kwa Kiswahili.

Ekiru akasafisha koo. "Mama, alikuwa anasema hakuna mtu anapika kunde kama wewe. Tukikula hotelini anasukuma sahani, anasema hii si mboga. Alikuwa anasema akipata nafasi atakuja nyumbani mkule pamoja."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, Mama."

Sijui kama ni kweli. Sikumwuliza Ekiru siku ile, na tumeonana mara nyingi baada ya hapo lakini bado sijamwuliza.

Wazee wa ukoo walichukua udongo kutoka kaburi la Kitale, wakauzika kwao, kwa maombi na nyimbo, kama anavyozikwa mtu. Wabeba magunia walikuja kwa lori. Ile simba Mama Wafula aliwaambia waibomoe. Alisimama akitazama mpaka ukuta wa mwisho. Mimi sikubeba kamera siku hiyo.

Nilimwambia Naliaka atafute wimbo mwingine, nitampa muda. Akakubali. Lakini siku chache baadaye mama yake alifika chuoni, amevaa nguo ya kanisani, akapanda zile ngazi akishikilia ukuta.

"Huyu mtoto anasema ameacha wimbo," akaniambia. "Wimbo ni wa Wafula. Hana kitu kingine. Hana mke, hana mtoto. Nyinyi muitengeneze na hiyo kamela yenu. Lakini huyo mwenye atakuwa Wafula, msionyeshe uso wake. Uso nilizaa mimi. Mwonyeshe mgongo tu."

Basi tukaifanya. Ekiru ndiye aliyekuwa Wafula. Hatukumfundisha kitu. Watu wawili wakibeba pamoja muda mrefu hufanana mwendo, na alipotembea kwenye barabara ya vumbi ya kule Kanduyi, gunia kichwani, bega la kushoto lilishuka lenyewe. Mama Wafula alikuwa amesimama nyuma ya kamera. Aligeuka akaingia ndani.

Niwape na ufundi kidogo, maana huenda ukawafaa. Siku zile tulicheza wimbo kwa redio ya kaseti, na mwimbaji aliimba juu yake ili midomo ifuatane. Betri za redio zikichoka wimbo hupunguza mwendo, na ukifika kuhariri midomo iko huku, sauti iko kule. Kwa hiyo kila mara betri mpya. Siku ile betri zilikuwa mpya, redio ilikuwa safi, jua la asubuhi limekaa vizuri usoni kwa Naliaka. Lakini kila alipofika kwenye kiitikio mdomo wake ulikataa. Tulirudia tena na tena. Simiyu, aliyekuwa kwenye kamera, akanitazama asikie nitasema nini.

Nikamwambia Naliaka, "Usiimbe. Kaa hapo mezani, usikilize tu. Ulishaimba studio."

Akakaa. Simiyu akaacha kamera ikienda. Wimbo ukapita wote, naye amefunga mdomo, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimwita kaka yake. Ndiyo picha bora niliyopata kuiona ikipigwa na mwanafunzi, na haikuwa kwenye mchoro wowote. Lakini bila ile michoro yote, bila kujua kila kitu kingine kitakuwa wapi, tusingethubutu kubadili kitu papo hapo. Kwa hiyo pangeni, wanangu. Mkishapanga sana ndipo mnapoweza kuacha mpango.

Video haikufika kwenye televisheni. Ilizunguka kwenye diski za kunakiliwa Kitale na Bungoma, watu wakaililia kwenye vibanda vya video, kisha ikasahaulika kama zinavyosahaulika. Simiyu amekuwa mpiga video mzuri kuliko mimi. Naliaka anafundisha watoto wadogo Bungoma. Huwaimbisha herufi na hesabu, na ukimwomba ule wimbo anatabasamu anakuuliza habari za nyumbani.

Mama Wafula hakuwa na umeme. Tulimpelekea diski, tukaitazamia kwa jirani yake Kanduyi, chumba kimejaa watu, watoto sakafuni. Alikaa karibu kabisa na kioo cha televisheni. Naliaka akatoka nje kabla haijaanza. Mama alitazama ile sahani iliyofunikwa, akamtazama binti yake amekaa kimya mezani. Kisha Ekiru akatokea barabarani, mgongo kwetu, akienda.

Mama akainama mbele. "Wafula," akasema taratibu. "Wafula, geuka."

Yule wa kwenye kioo akaendelea kwenda. Mama akaita tena. Watu chumbani wakaanza kulia, na Simiyu akainuka haraka akanyoosha mkono aizime.

Mama Wafula akamshika mkono. "Wacha, mwanangu," akasema. "Wacha aende."

Simiyu akaketi chini pamoja na watoto, wimbo ukaendelea mpaka mwisho.